Bunduki ya Eino Haikatwi

Ijulikane kwa kila mwenye masikio, na kwa mbwa pia maana wao husikia kuliko sisi, ya kwamba bunduki ya marehemu Eino Karppinen haitakatwa, haitafupishwa, haitatobolewa wala kutiwa chuma cha aina yoyote, maadamu mjukuu wake Hilla angali anavuta pumzi. Na atakayeigusa kwa msumeno, mkono wake na unyauke, na kahawa yake iwe ya baridi milele, amina.

Tangazo hilo lilisomwa Alhamisi asubuhi jikoni kwa bibi yake. Hilla alikuwa amepanda juu ya kigoda, mkono mmoja kifuani, mwingine umeinua kijiko cha uji kama fimbo ya askofu. Alilitunga jana yake ndani ya basi, njia nzima kutoka shule ya bweni hadi kijijini, baada ya mjomba wake Tauno kumwandikia kwenye simu kwamba "anafikiria kuiboresha kidogo" ile bunduki kabla msimu haujafunguliwa. Lilikuwa tangazo zuri. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Kitako cha bunduki kilikuwa kimeshakatwa tangu Jumapili, na kipande chake kilikuwa humo humo jikoni, ndani ya kikapu cha kuni kando ya jiko, kikingoja zamu yake ya kuchomwa.

Bibi Impi alinyoosha kidole chenye unga kuelekea kikapuni, akaendelea kukanda mikate ya iliki.

Hilla alishuka kigodani taratibu. Akakiokota kile kipande. Kilikuwa cha mti wa betula uliojikunja, ule ambao mistari yake huzunguka kama mafuta juu ya supu, na babu yake alikichonga kwa kisu majira mazima ya baridi kabla Hilla hajazaliwa. Upande mmoja ulikuwa laini kama shavu. Upande wa pili ulikuwa na meno ya msumeno.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Nani?"

"Bibi, usinichezee. Yuko wapi huyo mchinjaji?"

"Mjomba wako yuko bandani, na ana kisirani kuliko wewe. Kunywa chai kwanza."

Hakunywa chai. Hasira ilimjaa kifuani hata asipate pa kuweka kitu kingine.

Yafaa ielezwe hapa, kwa faida ya wasiomjua, kwamba Eino Karppinen alikuwa na bunduki moja tu maisha yake yote. Majirani walikuwa na nne, na tano, na makabati ya chuma marefu kuliko wake zao. Eino aliwacheka. Bunduki yake moja iliua hirvi wakati wa majani kuanguka, yule paa mkubwa kuliko farasi, mwenye miguu ya ngazi na mdomo wa ngamia. Theluji ya kwanza ikianguka ilitungua metso, jogoo mweusi wa msituni anayekaa kwenye ncha ya msonobari. Na kiangazi ilipiga karatasi kwenye mashindano ya vijiji, watu wakikimbia msituni na kulenga hirvi wa ubao. Kwa kila kazi aliivalisha nguo yake. Kulikuwa na vibao vya kuongeza nyuma ya kitako, chembamba cha siku za koti zito na kinene cha siku za fulana. Kulikuwa na mito midogo ya mbao ya kuwekea shavu, inayofungwa kwa ukanda wa ngozi. Risasi za metso alizijaza mwenyewe, baruti kidogo, ili ndege afike mezani akiwa ndege na si supu. Na juu ya darubini ya kulengea, kwenye kile kigurudumu cha kurekebishia, alitia madoa mawili ya rangi ya kucha ya mkewe: jekundu la hirvi, jeupe la metso; doa linalosimama mbele ya mstari ndilo linalosema bunduki imelengwa kwa nani. Risasi ya metso ni nyepesi, huanguka haraka, kwa hiyo kigurudumu huinua shabaha. Mtu akisahau kukirudisha kwenye jekundu, risasi nzito ya hirvi hupita juu. Hakuna mwindaji wa nchi ile ambaye hajawahi kusahau mara moja. Wengi hawasimulii.

Eino alifariki Februari. Bunduki ikabaki na majina mawili kwenye kibali, la Tauno na la Hilla. Sheria inaruhusu majina mawili kwenye bunduki moja. Haikusema lolote kuhusu majina mawili yanayotaka kuishika siku moja.

Bandani, Tauno alikuwa ameiweka bunduki kwenye meza ya fundi chini ya taa. Alikuwa jitu la mtu, dereva wa mashine za kukatia miti, na kila mlango wa nyumba ya baba yake ulikuwa umemgonga paji la uso angalau mara moja. Mahali palipokuwa na kitako sasa palikuwa na bomba la chuma, skrubu tatu, na pedi nyeusi ya plastiki inayopanda na kushuka.

"Aa, msomi amefika," alisema bila kugeuka. "Njoo uone. Unazungusha hapa, inarefuka. Unazungusha pale, shavu linapanda. Hirvi, metso, mashindano, yote kwa ufunguo mmoja. Hamna tena kufungafunga mikanda kama tunamtandika farasi."

"Umeikata."

"Nimeiboresha."

"Mjomba, umeikata kwa msumeno wa kuni!"

"Kwa msumeno wa chuma. Mimi si mshenzi."

"Babu aliichonga kwa mkono wake!"

"Ndiyo, aliichonga kwa mkono wake, kwa ajili ya mkono wake." Tauno aligeuka sasa, na uso wake ulikuwa mwekundu kuliko taa. "Nimepiga jaribio la shabaha kila mwaka na kitako kile, shingo nimeipinda kama korongo anayekunywa maji. Hata siku moja hakuna aliyenihurumia. Leo nimepata bomba linalonitosha, kila mtu analia. Lieni."

"Mimi nilifaulu mwezi wa nane na kitako kile kile! Na Onerva, Mkuu wetu wa msako, akaniahidi nafasi ya kuvizia pale Jiwe la Babu siku ya ufunguzi!"

"Onerva alisema Jiwe ni la mwenye bunduki ya Eino. Jumamosi mwenye bunduki ni mimi. Wewe utatembea na Veijo na mbwa wake, mpige makelele vichakani. Miguu yako michanga, utafurahi."

Hilla alitafuta neno la kumkata nalo. Shuleni alikuwa bingwa wa maneno. Ndiye aliyemfanya msimamizi wa bweni aombe radhi kwa sanamu ya theluji. Lakini lililotoka sasa lilikuwa dogo na la kitoto.

"Bomba lako linafanana na choo."

"Basi usilikalie," Tauno alisema, akarudia skrubu zake.

Jikoni, Bibi Impi alikuwa ametandaza mezani ile mito ya shavu kutoka kwenye droo ya Eino. Haikuwa na kazi tena, ukanda hauzunguki kwenye bomba.

"Igeuze," alisema.

Chini ya kila mto Eino alichoma herufi kwa msumari wa moto. E yake mwenyewe. I ya Impi, ambaye katika ujana wake alitungua metso wengi kuliko yeye na hakuacha kumkumbusha. H, mto mdogo, wa juzi juzi, ungali mweupe.

"Sasa tafuta T," bibi alisema.

"Kwa nini?"

"Tafuta tu."

"Bibi, hakuna T."

"Ahaa," alisema Impi, akaingiza mikate ndani ya jiko na kuufunga mlango wake kwa goti. Hilla alikuwa na hasira mno hata asisikie kilichokuwa ndani ya ile "ahaa." Alikiweka kile kipande cha kitako kwenye mfuko wa koti lake, kikawa kinamchoma ubavuni siku nzima, naye akakiacha kimchome.

Ijumaa kundi zima la wawindaji lilikutana kwenye shimo la mchanga. Ndiyo desturi yao: siku moja kabla ya ufunguzi kila mmoja anapiga mbele ya kiongozi wa msako, na kiongozi anakagua karatasi. Kiongozi alikuwa Onerva, mwanamke mkavu mwenye kofia ya chungwa, aliyefundisha hesabu mpaka akastaafu na hakuwahi kuacha kusahihisha watu. Wote walimwita Mkuu, hata wanaume wa makamo aliowafelisha.

Tauno alilala kifudifudi, akalibana bomba begani, akapiga. Akapiga tena. Na tena. Veijo, mwenye mbwa, alikwenda kuileta karatasi, akarudi akipiga mluzi.

"Kikombe cha kahawa kingefunika zote," alisema. "Tauno, umelala na mchawi?"

"Nimelala na bomba," Tauno alisema, na alicheka, kicheko cha mtu aliyesubiri miaka mingi. Kisha akamtazama Hilla. "Choo kinapiga vizuri, eh?"

Watu wakaangua kicheko. Hilla naye alicheka, meno tu.

Onerva aliinua mkono. "Haya. Kuanzia sasa, hakuna mkono kwenye skrubu. Hakuna kidole kwenye kigurudumu. Anayegusa darubini baada ya hapa ni sawa na anayetema mate kwenye sufuria ya supu ya kijiji. Tumeelewana?"

Walielewana. Hilla pia alielewa.

Jioni ile Tauno aliingia sauna, kile chumba cha kuogea mvuke. Ilikuwa sauna ndefu, ya mtu mwenye furaha. Mtu angeweza kumsikia akiimba na kumwaga maji juu ya mawe. Hilla alichukua ufunguo wake wa kabati la bunduki, ambao alikuwa nao kihalali kabisa, akafungua, akakaa sakafuni na pini ya nywele na chupa ndogo ya rangi ya kucha. Akazungusha kigurudumu kutoka jekundu mpaka jeupe. Kisha akakwangua madoa yote mawili. Pale jeupe lilipokuwa, akatia jekundu. Aliposimama, doa jekundu lilikaa mbele ya mstari, limetulia kama mtoto mwema kanisani.

Mpango ulikuwa huu. Kila asubuhi ya ufunguzi, Tauno alikuwa na mchezo wake. Kabla msako haujaanza, aliweka kopo la rangi juu ya kisiki nyuma ya kibanda cha wawindaji, akasema kwa sauti kuu, "Habari za asubuhi!" na kulipiga. Onerva alimvumilia kwa sababu Eino alikuwa akicheka. Safari hii angekosa. Angekosa mbele ya watu wote, na bomba lake, na skrubu zake. Angepiga tena, akakosa tena. Hakuna mnyama angeumia, ni kopo tu. Baadaye Hilla angesema, kwa upole wa kuhani, kwamba huenda betula ilikuwa na akili kuliko plastiki.

Alilala usingizi mzuri sana.

Jumamosi kulikuwa na jalidi juu ya kila kitu. Kibandani moto ulikuwa umewaka, kahawa nyeusi inachemka kwenye birika la masizi, na watu wenye fulana za chungwa wamekaa kwenye magogo wakimenya mayai. Tauno alikuja na bunduki begani na kopo mkononi. Alikuwa tayari ameliweka kopo juu ya kisiki Onerva alipotokea nyuma ya kibanda akikimbia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

"Tauno, shusha! Hakuna kelele! Mbwa wa Veijo amepata nyayo mbichi hapa hapa, ng'ambo ya kijito. Dume. Hakuna kopo leo. Kila mtu kwenye nafasi yake, kimya kimya, sasa hivi."

"Mkuu, ni risasi moja ya kuwasalimu..."

"Salimia kwa mkono."

Watu walisimama, wakamwaga masazo ya kahawa. Hilla alibaki amekaa na kikombe chake. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, kitu kingine kiliingia kifuani mwake na kupata nafasi. Lile jambo halikuwa tena la kopo. Lingetoka pale likaingia msituni, na doa jekundu mahali pasipo pake.

Angesema. Aliinua kichwa ili aseme. Na Tauno akaja moja kwa moja, akainama juu yake na ile sura yake ya furaha.

"Usinune, binti. Nikimwangusha nitakuachia heshima ya kubeba ini." Aligonga mfuko wa koti la Hilla kwa kidole. "Na hicho kikuni chako nimekiona. Jioni tukichomee soseji, eh? Betula huwaka vizuri."

Hilla alifunga mdomo. Aliufunga kwa nguvu hata taya likamuuma. Akainua kikombe, akanywa kahawa yake polepole mpaka kwenye machicha, na alipokishusha Tauno alikuwa ameshatokomea kati ya misonobari kuelekea Jiwe la Babu.

Mbwa wa Veijo aliitwa Rontti, yaani pandikizi, na jina lake lilimfaa. Alimpata dume kwenye ukingo wa kinamasi na kuanza kubweka papo kwa papo, bweko lile zito linalosema, yuko hapa, njooni, nimechoka kusema peke yangu. Hilla na Veijo walisimama. Kisha bweko likaanza kusogea. Kuelekea Jiweni.

Risasi moja ililia. Mwangwi ukazunguka vilima na kurudi.

Redio ya mkononi ilikohoa. "Amelala!" sauti ya Tauno ilipasuka kwa furaha. "Dume! Pembe kama meza! Amelala pale pale, njooni na visu!"

"Umempiga wapi?" sauti ya Onerva iliuliza.

"Nyuma ya bega, mahali penyewe. Namimina kahawa."

Veijo alimpiga Hilla mgongoni. "Haya, mama! Choo kinapiga!" Hilla alicheka, na safari hii si meno tu. Labda alikosea kukwangua. Labda Mungu ni mwindaji.

Redio ikakohoa tena. Sauti ilikuwa ile ile, lakini kama ya mtu mwingine.

"Ameinuka," Tauno alisema. "Mkuu. Ameinuka, anakwenda."

Veijo akaanza kukimbia, Hilla nyuma yake.

Walipofika Jiweni, Tauno alikuwa amesimama na kikombe mkononi, kahawa imemwagikia buti lake. Onerva alikuwa amepiga magoti kwenye majani mekundu ya vichaka vya matunda. Aliokota kitu, akakiinua kwenye mwanga: nywele ndefu, ngumu, za kijivu ncha nyeusi.

"Hizi si za bega," alisema. "Hizi ni za nundu. Umempiga juu ya uti wa mgongo, Tauno. Alizimia tu. Sasa anatembea na kidonda."

"Nililenga begani, Mkuu. Naapa."

"Risasi ndiyo iliyoapa. Veijo, mfunge mbwa kamba. Hilla, nyuma yake. Hakuna anayekula mpaka apatikane."

Walimfuata nusu ya siku. Matone juu ya majani, moja hapa, jingine mbali, kisha hakuna kitu, kisha doa kwenye gome la betula juu ya kimo cha mtu. Walivuka kinamasi maji yakiingia butini. Mahali pawili hirvi alikuwa amelala. Majani yalikuwa yamelaliwa na kulowa damu, bado yana joto. Pa pili Hilla aliweka kiganja chake juu yake, na ile hasira aliyoilea tangu Alhamisi kama kifaranga kifuani iligeuka ndani yake na kumwangalia. Alikuwa na hasira bado. Alikuwa na hasira kuliko mwanzo. Ila haikuwa na Tauno tena mbele yake.

Nyuma alikuja Tauno. Alikuwa amevua kofia, sijui kwa nini, na matawi yalimpiga usoni bila yeye kuyazuia. Mara moja tu aliongea, pale walipopumzika Veijo afungue kamba iliyonasa.

"Alimchongea kila mtu mto wake wa shavu," alisema, si kwa mtu yeyote. "Alimchongea mama. Alikuchongea wewe ukiwa huwezi hata kuinua mtutu. Nilimwambia, Baba, nami nichongee, shingo inaniuma. Akasema, jifunze kuinama." Alikausha pua kwa mgongo wa mkono. "Nikajifunza."

Hilla aliona tena ile meza ya jikoni, na mito mitatu isiyo na T, na kidole cha bibi chenye unga. Veijo alifungua kamba, wakaendelea.

Onerva ndiye aliyemaliza. Dume alikuwa amesimama kati ya misonobari michanga, kichwa chini, na Onerva alisogea peke yake, akapiga risasi moja. Safari hii hakuna aliyesema "amelala" mpaka Rontti aliponyamaza.

Waliporudi kibandani jua lilikuwa bado linaning'inia juu ya vilele. Bibi Impi alikuwa ameleta sufuria ya supu na mikate yake. Hakuna aliyeigusa. Onerva alisimama mbele ya moto na kofia yake ya chungwa, na sauti yake ilikuwa ile ya darasani, ndogo, ya kutisha.

"Ijumaa nilisema hakuna mkono kwenye skrubu."

"Sikugusa," Tauno alisema.

"Basi ulipiga kama mlevi. Jana tundu zako zilifunikwa na kikombe, leo umekosa bega la dume mkubwa kama gari, umbali wa kutupa jiwe. Ama uligusa, ama ulitetemeka, ama plastiki yako imelegea. Vyovyote, mnyama ametembea nusu ya siku na uchungu. Kesho huna nafasi katika kundi hili. Wala keshokutwa. Msimu huu umekwisha kwako."

Tauno alifungua mdomo, akaufunga. Lile jitu lilikaa juu ya gogo, na gogo likalia.

"Hilla," Onerva alisema. "Kesho Jiwe ni lako. Lakini kwanza nataka kuiona bunduki ikipiga. Njoo shimoni."

Basi ndivyo lilivyokuja lile alilolitaka, Jiwe la Babu na bunduki ya Babu, mbele ya watu wote, na Tauno amekaa kichwa chini. Tangazo zima lilikuwa limetimia, hata kahawa yake ilikuwa ya baridi.

Walikwenda wote shimoni kwa sababu hakuna aliyetaka kubaki na supu. Veijo alibandika karatasi. Hilla alilala kwenye mchanga, akalishusha lile bomba mpaka likamkaa begani. Lilimkaa vizuri. Hilo nalo lilimkera. Akatia risasi nzito. Na kabla hajaweka jicho kwenye darubini, kidole gumba chake kilipanda chenyewe juu ya kigurudumu, kikakirudisha, tak tak tak, mpaka mahali pa zamani, pale Babu alipoweka doa lake la kwanza. Hakufikiri. Ama alifikiri haraka sana: ikipiga juu watajua imechezewa, ikipiga katikati, kosa ni la Tauno tu. Akavuta pumzi, akaachia nusu yake, akafyatua.

"Katikati!" Veijo alipaza sauti kutoka kwenye karatasi. "Katikati ya katikati! Bunduki ni nzima!"

Watu walimgeukia Tauno, na mtu mmoja akatema mate mchangani. Tauno hakuinua kichwa.

Onerva alikuja taratibu. Akaichukua bunduki mikononi mwa Hilla, akaangalia kama iko tupu, kisha akainamisha uso wake juu ya darubini. Alikaa hivyo muda mrefu, kama anayesahihisha hesabu aliyoipenda.

"Ajabu," alisema. "Umepiga katikati. Lakini doa jekundu halipo mbele ya mstari. Liko huku pembeni."

Aliinua uso, akamtazama Hilla.

"Anayetumia bunduki ya Eino hupiga kwa doa. Wewe umepiga kwa kujua." Aliigeuza darubini kwenye jua. "Na hili doa. Impi, njoo hapa. Rangi yako ya kucha tangu lini ina vinyota?"

Bibi Impi alisogea, akavaa miwani yake iliyoning'inia shingoni. Doa lilimeta, dogo, jekundu, la sherehe.

"Yangu ilikauka mwaka juzi," alisema. Kisha hakutazama tena darubini. Alitazama mkono wa mjukuu wake uliokuwa bado mchangani, kucha tano nyekundu zenye vinyota, na wote wakatazama alipotazama yeye, hata Veijo na karatasi yake, hata mbwa. Tauno akainua kichwa mwisho wa wote.

Hilla alisimama. Alikuwa na mchanga kifuani na kipande cha betula mfukoni. Alipanga maneno yake kama kawaida, yasimame kwa mstari, yenye heshima.

"Ijulikane kwa kila mwenye masikio," alianza, na sauti ikavunjika hapo hapo. Alijaribu tena. Haikutoka. Aligeuka kutoka kwa watu wote, akabaki na mmoja.

"Mjomba, ni mimi. Nilizungusha jana, ulipokuwa sauna. Nilikwangua madoa, nikatia langu. Ilikuwa iwe kopo. Na asubuhi, Mkuu alipokataza kopo, nilijua, nikawa na nafasi ya kusema, uko mbele yangu kabisa, umeinama." Alifuta pua kwa mkono ule wenye vinyota. "Nikanywa kahawa."